Maswali ya Wasomaji: Siku Nzima ya Kisumu Ndani ya Dakika Tatu

Meza ya picha imepokea maswali mengi kuhusu taimlapsi, yaani picha zinazopigwa moja moja kwa kuachiana muda uleule, kisha zikaunganishwa ziwe video inayokimbiza saa. Wengi waliotuandikia wanataka kutembea mjini kutwa, macheo hadi machweo, warudi nyumbani na filamu. Muda ulio kati ya picha moja na inayofuata tutauita pengo. Saa zote hapa ni za Kiswahili, ila ukiweka saa ya kamera kumbuka kwamba saa 12:40 asubuhi kwake ni 06:40.

Nataka kutembea Kisumu kutoka asubuhi hadi jioni nikipiga picha kila baada ya sekunde 5. Je, ninunue kadi ya ukubwa gani? — Msomaji, Nyalenda

Ndugu yetu, kadi ni rahisi, tuanze nayo. Saa 12 ni sekunde 43,200. Ukigawa kwa 5 unapata picha 8,640, na video ya fremu (yaani picha) 25 kwa sekunde itakuwa ya dakika 5 na sekunde 46. Picha ya JPEG ya megapikseli 12 huwa kama MB 4, kwa hiyo ni GB 35 hivi. Kadi ya GB 64 inatosha na kubaki. Ukipiga RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, ya MB 25 kila moja, jumla inafika GB 216.

Shida iko kwenye hizo sekunde 5. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa anapiga mita 1.4 kila sekunde. Kati ya picha na picha utakuwa umesogea mita 7. Kwenye fremu hii kuna kibanda cha M-Pesa, kwenye inayofuata kibanda hakipo, na jicho la mtazamaji halipati cha kushika. Dakika moja ya video kama hiyo inatia kizunguzungu. Ukisimama kwenye soko la Kibuye nako, sekunde 5 ni nyingi mno: mteja anainama juu ya fungu la nyanya, na picha inayofuata amekwisha ondoka.

Kwa hiyo usichague pengo kwa kuangalia urefu wa siku. Chagua kwa kuangalia mwendo wa kitu kilicho mbele ya lenzi. Bodaboda na tuktuk barabarani: sekunde 1. Watu sokoni: sekunde 1 hadi 2. Mawingu yanayojijenga upande wa milima ya Nandi alasiri: sekunde 3 hadi 5. Gugu maji likisukumwa na upepo ziwani: sekunde 10. Kivuli cha mnara wa saa wa Oginga Odinga Street kikizunguka: sekunde 20 hadi 30, na hapo unaweza kuketi ukanywa chai.

Sasa panga bajeti ya picha kabla hujatoka nyumbani. Tuseme unataka filamu ya dakika 3. Hizo ni sekunde 180, mara fremu 25, ni picha 4,500. Sisi tungezigawa hivi: vituo 8 vya kusimama, picha 300 kila kimoja, ni picha 2,400, vipande 7 vya kutembea, picha 200 kila kimoja, ni 1,400, na machweo peke yake picha 700. Kituo cha picha 300 kwa pengo la sekunde 2 kinachukua dakika 10, kwa pengo la sekunde 5 kinachukua dakika 25. Ukijumlisha, kazi ya kupiga haifiki saa 6. Saa zinazobaki ni za kutembea, kula, kuchaji na kungoja mvua ipite. Anayepanga kupiga saa zote 12 bila kupumzika hukosa machweo kwa sababu betri na miguu vimeisha saa tisa.

Kuhusu njia, tunashauri uanze Kondele na umalizie ziwani. Jua la Kisumu huchomoza kati ya saa 12:20 na 12:55 asubuhi kutegemea mwezi, mapema zaidi mwanzoni mwa Novemba, likichelewa zaidi Februari. Fika nusu saa kabla. Kutoka Kondele unashuka na Jomo Kenyatta Highway hadi Kibuye wakati wachuuzi wanatandaza bidhaa. Jumapili ndiyo siku soko hilo hufurika. Halafu katikati ya mji, Oginga Odinga Street, eneo la stesheni ya reli iliyofika hapa mwaka 1901 mji ukiitwa Port Florence, kisha Milimani, na jioni Hippo Point au Dunga. Ni kama kilomita 10. Mtu akitaka boti za omena zikirudi na taa zake alfajiri, aigeuze njia: aanzie Dunga, ila ajue machweo ya ziwani atayakosa.

Mchana wa Kisumu una tabia yake. Jua halifiki juu kabisa saa 6 kamili, hufika kati ya saa 6:25 na 6:55, kwa sababu tuko magharibi ya mstari ambao saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwao. Machi na Septemba kwa wakati huo vivuli hutoweka chini ya miguu na nyuso zinakuwa na macho meusi. Usipige watu saa hiyo. Ingia chini ya paa la soko, au piga mawingu.

Nikitembea huku napiga, video inaruka kama gari kwenye mashimo. Wengine wanapataje ule mwendo laini wa kusogelea jengo? — Msomaji wa kike, Kakamega

Dada, huo mwendo laini unaitwa haipalapsi, na siri yake ni alama moja ambayo haihami ndani ya fremu. Kutembea kwa kawaida na simu mkononi hakutakupa.

Chukua mnara wa saa kuwa mfano. Washa mistari ya gridi kwenye skrini. Weka uso wa saa mahali mistari miwili inapokutana. Piga. Songa hatua moja, simama na miguu yote miwili, rudisha uso wa saa kwenye makutano yaleyale, hakikisha ukingo wa jengo uko wima, piga. Rudia mara 200. Kila picha inachukua kama sekunde 5, kwa hiyo kipande kimoja ni dakika 17, na utakuwa umesogea mita 140 kwa hatua za sentimita 70.

Hatua zisizolingana ndizo zinazofanya mwendo ukimbie na kusitasita. Kwenye njia ya miguu iliyotandikwa kabro una rula chini yako: tofali la kawaida la kabro lina urefu wa sentimita 20 na upana wa 10. Hesabu matatu kwa urefu, ncha ya kiatu ikigusa kiungo cha tofali, na kila hatua itakuwa sentimita 60. Palipo na udongo, tumia kamba ya urefu huo uliyofunga fundo kwenye mguu wa tripodi.

Tumia lenzi kuu ya simu. Lenzi pana sana hupinda kingo za picha, na programu ya kutuliza mtikisiko ikianza kazi utaona majengo yakiyumba kama yametengenezwa kwa jeli. Usivute zumu katikati ya kipande. Acha nafasi pembeni, kwa sababu kutuliza hukata kingo kwa asilimia 10 hadi 15. Picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000 ina nafasi tele kama video yako ni ya 1,920 kwa 1,080.

Kama unataka tu kumbukumbu ya njia nzima bila ufundi huo, kamera ndogo ya kifuani, mfano GoPro ikiwa katika hali ya TimeWarp, itakutosha. Ifunge kifuani kwa mkanda. Kichwani itageuka kila unaposalimiwa.

Video yangu inawakawaka, mara nyeupe mara giza, ingawa jua halikubadilika. Nimebadilisha kamera na bado. — Mwalimu mstaafu, Bungoma

Shikamoo Mwalimu. Kuwakawaka kuna sababu nne, na kwa kawaida mbili au tatu hufanya kazi pamoja, ndiyo maana kubadilisha kamera hakukusaidia.

Ya kwanza ni kamera kujiamulia mwanga. Mtu mwenye shati jeupe akipita mbele, kamera hudhani kuna mwanga mwingi na kutia giza picha ile moja. Weka hali ya M (ya kujiwekea kwa mkono), kasi ya shata (muda ambao kamera hukaa wazi kupokea mwanga) uiweke wewe, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) uiweke wewe na uhakikishe ISO ya kujiendesha imezimwa. Kuna kamera huiacha imewashwa hata ndani ya M. Kwenye simu ya Android, programu ya bure ya Open Camera ina sehemu ya kurudia picha kwa pengo unalotaka, na kwa simu nyingi inakuruhusu kufunga mwanga.

Ya pili ni rangi. Mizani ya weupe ikiachwa ijiendeshe, picha moja inakuwa ya manjano na ya pili ya bluu. Ifunge kwenye alama ya jua, au Kelvin 5,200 hadi 5,600, na usiiguse hata wingu likipita.

Ya tatu ndiyo inayowasumbua wenye kamera nzuri. Lenzi ya kisasa hukaa ikiwa wazi kabisa, na kila unapopiga, visu vyake vidogo hujifunga hadi f/8 au f/11 (namba za tundu la mwanga: namba ikikua, tundu hupungua) kisha hufunguka tena. Havirudi mahali palepale kwa usahihi kamili. Tofauti ni ndogo kuliko unywele, lakini tundu lenyewe ni dogo, kwa hiyo inaonekana. Dawa ni kupiga lenzi ikiwa wazi kabisa ili visu visisogee, na kupunguza mwanga kwa filta ya ND, yaani kioo cheusi cha kuweka mbele ya lenzi. Ama tumia lenzi ya zamani yenye pete ya kugeuza tundu kwa mkono. Hizo hujifunga mara moja na kukaa.

Ya nne ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za dukani huzimika na kuwaka mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Ndani ya soko au mtaani usiku tumia shata ya 1/100, 1/50 au 1/25, si 1/320.

Filta ya ND inasaidia jambo jingine pia. Watu waliopigwa kwa shata ya 1/1000 huonekana wakidunda kama vikaragosi. Kanuni ya kazi ni shata iliyo wazi kwa nusu ya pengo: pengo la sekunde 1, shata ya nusu sekunde. Mchana wa jua kali kwa ISO 100 na f/16, shata ya kawaida ni 1/100. ND64, inayopunguza mwanga mara 64, inaigeuza kuwa kama sekunde 0.6, na watu wanakuwa na mkia laini wa mwendo huku vibanda vikibaki vimetulia. Ukifungua lenzi hadi f/4 ili kuepuka lile tatizo la visu, mwanga unaongezeka mara 16, basi utahitaji ND1000 kurudi palepale.

Kabla hujaanza kituo chochote, Mwalimu, fanya jaribio hili: piga picha 50, kisha zipitishe haraka kwa kidole kwenye skrini. Kinachowaka kwenye picha 50 kitawaka kwenye 300. Video ambayo umekwisha kuipiga inaweza kuokolewa kwa kiasi kwa kichujio cha deflicker (cha kutuliza kuwakawaka) kilichomo ndani ya ffmpeg, programu ya kuunganisha video; amri yake iko kwenye jibu la mwisho.

Simu yangu ilizima saa saba mchana ikiandika kwamba ina joto. Je, tatizo ni betri? — Msomaji wa Nakuru aliyehamia Kisumu

Si betri. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu mita 1,130 hivi, na joto la mchana lina tofauti hiyo ndani yake. Apple, kwa mfano, inataka iPhone itumike pasipozidi nyuzi 35. Kivulini Kisumu haifiki huko siku nyingi, ila simu nyeusi iliyosimamishwa juani hupita kiwango hicho haraka.

Toa kava. Weka hali ya ndege, punguza mwanga wa skrini hadi mwisho. Funga kitambaa cheupe au kipande cha kadibodi juu ya simu kama kofia, kikiacha nafasi ya hewa. Usichaji juani, kwa sababu kuchaji nako kunaongeza joto. Chaji ukiwa umekaa kula. Pawabanki ya mAh 20,000 haikupi zote: nguvu inayofika kwenye simu ni kama thuluthi mbili, hivyo simu ya mAh 5,000 utaijaza mara mbili na nusu.

Na kama ni iPhone, usitumie taimlapsi yake ya ndani kwa kituo kirefu ukidhani utapata picha nyingi. Kadiri unavyorekodi kwa muda mrefu ndivyo inavyopanua pengo yenyewe, na video ya saa nzima inaishia kuwa ya chini ya dakika moja. Tafuta programu inayokuachia pengo mkononi mwako.

Tripodi yangu inatikisika alasiri tu. — Msomaji, Dunga

Ni upepo wa ziwa, unaovuma kutoka majini kuelekea nchi kavu mchana. Usinyanyue nguzo ya katikati, fungua miguu minene na uache ile myembamba ndani, ning'iniza begi likiwa linagusa chini kidogo ili lisibembee. Toa mkanda wa kamera, maana hupepea kama bendera na kuvuta kamera nzima. Zima kituliza-mtikisiko cha lenzi ikiwa iko juu ya tripodi.

Machweo ya Hippo Point yananishinda. Mwanzo picha ni nzuri, mwisho ni giza tupu. — Msomaji, Milimani

Hapa tukae kidogo, kwa sababu maelekezo mengi ya machweo yameandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini ambako jua huzama kwa kuteleza kwa mshazari, na utusitusi unachukua muda mrefu. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Jua linaanguka wima. Kutoka jua kugusa maji hadi kuzama ni kama dakika 2, na baada ya hapo una takriban dakika 21 kabla ya giza la kuhitaji taa. Ndani ya dakika hizo mwanga hupungua kwa kama stopu 7, na kila stopu ni nusu ya iliyotangulia. Ni stopu moja kila dakika 3.

Jua likizama, kati ya saa 12:25 na saa 1:00 jioni kutegemea mwezi, uwe umeshaanza nusu saa kabla. Pengo la sekunde 5 kwa picha 700 ni dakika 58, nusu kabla na nusu baada. Tuseme umeanza kwa f/8, ISO 100, shata 1/250. Lenzi hugusi tena. Jua likishazama, geuza gurudumu la shata kliki moja, yaani thuluthi ya stopu, kila baada ya dakika moja. Tazama histogramu, yaani mchoro wa mwanga kwenye skrini ya kamera: kilima chake kikianza kuegemea kushoto, geuza. Baada ya dakika 21 utakuwa nusu sekunde. Endelea hadi sekunde 2, ukihitaji zaidi ndipo upandishe ISO. Shata isikaribie pengo. Kwa pengo la sekunde 5, sekunde 4 ndiyo mwisho, la sivyo kamera haipati muda wa kuandika kwenye kadi na itaruka picha.

Geuza gurudumu kati ya picha mbili, kwa ncha ya kidole, bila kushika kamera. Zile ngazi ndogo za mwanga husawazishwa baadaye na programu kama LRTimelapse. Kwa simu tunashauri njia nyepesi: piga vipande vitatu vyenye mwanga uliofungwa, cha dhahabu, cha bluu na cha taa, kisha viyeyushe kimoja ndani ya kingine kwa fremu 25.

Usichungulie jua kwa jicho kupitia kitazamio cha kioo. Na mahali hapo pana jina lake kwa sababu: viboko hutoka majini jioni kutafuta nyasi. Simama mbali na ukingo wa maji, uwe na mwenzako mwenye tochi anayeangalia nyuma yako.

Je, nahitaji ruhusa? — Msomaji, Kondele

Kwa kituo cha polisi, bandari, uwanja wa ndege na mali ya reli, usifungue tripodi bila ruhusa ya maandishi. Sokoni, anza na viongozi wa soko, kisha mama aliye karibu na lenzi yako. Mwonyeshe kipande ulichokwisha kupiga, atajua unachofanya. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu sura inayomtambulisha mtu kuwa taarifa yake binafsi, basi anayekataa, geuza kamera. Shata ya nusu sekunde inafuta nyuso za wapita njia, na hiyo ni sababu nyingine ya kununua filta. Filamu ya biashara ina leseni zake, ziulize mapema.

Nilipounganisha picha, alasiri ilitokea kabla ya asubuhi. — Mwanafunzi, Maseno

Kamera huhesabu faili hadi 9999 kisha hurudi 0001 na kufungua folda mpya. Ulianza siku ukiwa labda kwenye IMG_7200, na ukavuka katikati. Programu ikapanga kwa majina, si kwa saa.

Nakili folda zote mahali pamoja, lakini kwanza ongeza herufi mbele ya majina ya faili za folda ya pili ili zisifutane. Kwenye Windows zipange kwa tarehe ya kupigwa, bofya ya kwanza, chagua zote, bonyeza F2 na uandike picha. Zitakuwa picha (1), picha (2) na kuendelea. Kisha:

ffmpeg -framerate 25 -i "picha (%d).jpg" -vf "deflicker=size=10,crop=4000:2250,scale=1920:1080" -c:v libx264 -crf 18 -pix_fmt yuv420p siku.mp4

Namba 4000 na 2250 ni za picha yenye upana wa pikseli 4,000. Kamera yako ikiwa tofauti, weka upana wako, na urefu uwe upana mara 9 gawa kwa 16. Fanya kila kituo peke yake, chenye folda yake. Na kama una kamera mbili, asubuhi piga kwa zote mbili picha ya saa ya simu ikionyesha sekunde. Tofauti utakayoiona hapo ndiyo utakayoiongeza au kuitoa kwenye faili za kamera ya pili.